Maneno ya Mama Yalibaki Ukingoni

Ndege ilikwisha kugeuza pua. Sisi wa nyuma ya uzio wa Fua'amotu tulikuwa tunapunga mikono kwa madirisha bila kujua nani ameketi wapi, na wanawake walikwisha kuanza kile kilio cha uwanja wa ndege, kinachoanza kwa mmoja mmoja na kuisha kwa pamoja.

Ndani ya ndege alikuwemo Losaline, jirani wa dada yangu huko Auckland. Ndani ya mkoba wa Losaline, katikati ya viazi vikuu vilivyochemshwa, ilikuwemo diski moja. Ndani ya diski alikuwemo mama yangu, ambaye tulikuwa tumemzika siku tisa kabla.

Rafiki yangu Paea alikuwa kando yangu anatafuna muwa. Huyu ndiye aliyekuwa akiniuzia diski tupu pale sokoni Nuku'alofa, mji wetu mkuu.

"Umempa?" akauliza.

"Nimempa."

"Umechomea kwenye boksi gani?"

"La bluu. Lile lako."

Paea akaacha kutafuna.

"La bluu la mwaka jana au la mwaka huu?"

"Boksi la bluu ni boksi la bluu, Paea."

"Uai," akasema polepole, "mwambie rubani arudi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndege ikapaa.

Ambao hamkunisoma wiki iliyopita, kwa ufupi: mimi ni Uaisele, mtu wa kijiji cha Kolovai, niliyezunguka bahari kwa meli za watu mpaka magoti yakakataa. Nikarudi nyumbani nikalima maboga ya kuuzwa Japani, maboga yakaoza bandarini, mke akaondoka na aliyeyapakia. Nikabaki na kamera ndogo, kompyuta moja na mashine ya kuchomea DVD. Nikafungua kibanda. Harusi, mazishi, kwaya, mtoto kutimiza mwaka: nilirekodi, nikachoma, na watu wakawapelekea ndugu zao Auckland, Sydney, hata Utah.

Nilieleza pia mama alivyoanza kuugua. Leo nasema nililofanya. Halinifurahishi, lakini nimebakiwa na miaka michache na kalamu moja.

Nianze na dada yangu, Meliame.

Miaka kumi na moja kabla ya siku ile ya uwanja wa ndege, Meliame alitoroka siku moja kabla ya harusi yake. Shangazi Kalolaine, dada ya marehemu baba, ndiye aliyemtafutia mume, mwalimu wa kanisa mwenye kitambi na sauti nzuri. Mikeka ilikwisha kutandikwa. Nguo za gome la mti zilikwisha kukunjuliwa uani, ndefu kama barabara. Nguruwe walikwisha kuchinjwa. Asubuhi bibi harusi hayupo, yuko angani anakwenda Auckland.

Mama alisimama mbele ya wageni wote akasema, "Mtoto huyu asikanyage kaburi langu."

Kwetu neno kama hilo halipoi kama chai. Likisemwa hadharani linabaki limesimama mpaka aliyelisema alitoe mwenyewe.

Meliame alikaa Auckland bila karatasi za ukaazi. Akitoka harudi. Kwa hiyo mama alipoanza kuvimba miguu na daktari akaacha kutuangalia machoni, tulijua hawataonana tena.

Jumatatu moja mama akaniita. "Lete hiyo mashine yako," akasema. "Nina maneno ya Meliame."

"Niandike, mama?"

"Wewe? Yakuhusu nini? Washa, kisha utoke."

Nikaweka kamera juu ya kiti, nikatia kanda ya saa moja, nikawasha, nikatoka.

Nilitoka kwa sababu ndivyo inavyopasa. Kaka hakai chumba kimoja na mambo ya dada yake. Yeye akiingia kutazama picha, wewe unatoka. Ndoa yake, mwili wake, machozi yake, hayo ni ya wanawake. Nilipokuwa kijana, nikikuta Meliame amekaa kwenye sinema ya ukumbi wa kanisa, nilirudi nyumbani hata kama nimekwisha kununua karanga.

Chumbani alibaki Shangazi Kalolaine, anampepea mama. Hakuna aliyemwambia abaki. Shangazi haambiwi.

Nilikaa uani nikifua nazi. Nilisikia sauti ya mama ikipanda na kushuka, nikafua kwa kelele zaidi ili nisisikie maneno. Baada ya muda Shangazi akatoka.

"Nimeizima mashine yako," akasema. "Amechoka."

"Amemaliza?"

"Nimesema amechoka. Una nyanya?"

Sikuwa na nyanya. Lakini kumbukeni hizo nyanya.

Sasa niwaambie juu ya diski, maana watu hudhani diski ni diski.

Jina lililo kwenye boksi ni kofia tu. Mtu yeyote anaweza kuvaa kofia. Kichwa chenyewe ni ile namba ndogo iliyoandikwa kitovuni, karibu na tundu, ambayo inakuambia kiwanda gani kimeizaa. Unainua diski kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, mrudishie mwenyewe. Unatazama tumbo lake: rangi iwe ya zambarau, nzito, sawa pote, isiwe na wingu. Unapitisha ukucha kwenye ukingo: ukisikia mwanya, gundi imeanza kuachia, na hewa yetu ya chumvi itaingia humo kama mgeni asiyebisha hodi.

Na jambo kubwa kuliko yote: mashine huandika kuanzia katikati kwenda nje. Mwanzo wa picha uko kitovuni, mwisho wake uko ukingoni. Na diski mbovu huanza kufa ukingoni. Ndiyo maana mchomaji mwenye akili haijazi. Anaacha upana wa kidole.

Ukishachoma, unaitia kwenye deki nyingine, unaitazama mpaka mwisho. Unaitazama yote. Hii ndiyo sheria niliyokuwa nikimwimbia kila mteja: mimi sitoi diski ambayo sijaiona mpaka mwisho.

Nilikuwa na diski nzuri. Ishirini na mbili za Kijapani, namba yake naijua kama namba ya kabati langu melini. Nilizificha ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda changu mle kibandani, nikingojea kazi ya maana. Kazi ya maana ikaja Jumatatu ile.

Jumanne asubuhi Shangazi Kalolaine akaingia kibandani na kikapu.

"Ndege wanamaliza nyanya zangu," akasema. "Nimeona kwa mke wa mchungaji, ametundika hizi santuri zenu zinazong'aa. Ndege hata hawatui."

"Chukua hizi, Shangazi." Nikamsukumia za boksi la bluu, zilizokuwa mezani.

Akaichukua moja, akaielekeza dirishani, akafinya jicho.

"Hii mbona naona vidole vyangu?"

Nikajifanya napanga bahasha.

"Hii haina rangi, Uai. Ndege atakuja kujitazamia humu achane nywele." Akainama, yule mwanamke wa miaka sabini na kitu, akavuta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda kana kwamba yeye ndiye aliyeliweka. Akafungua. Akageuza moja kwenye mwanga. Zambarau ikamjaa usoni.

"Ehee. Sasa hii ni kitu."

"Shangazi, hizo..."

"Hizo nini?"

Mnajua nilijibu nini. Shangazi akikitaka kitu chako, ni chake. Wewe ulikuwa unamtunzia tu. Anaweza kuchukua nguruwe, mkeka, hata mtoto akalelewe kwake. Baba yangu alimpa farasi. Mimi ni nani hata nimnyime vigae vya plastiki?

"Hizo ni nzuri, Shangazi," nikasema. "Chukua."

"Nazichukua zote, shamba ni refu." Mlangoni akageuka. "Na wewe ujifunze kununua. Nunua kwa macho, usinunue kwa maandishi."

Hakuwahi kushika kompyuta maishani mwake, na alichagua vizuri kuliko mimi.

Basi mimi nikachoma maneno ya mama kwenye boksi la bluu.

Nilichoma taratibu, kwa mwendo mdogo kuliko wote, nikidhani upole utasaidia. Na kwa kuwa ni mama, nikataka aonekane kila mkunjo wa uso. Nikaweka picha nzito kabisa, ile ya ubora wa juu, nikaijaza diski mpaka ukingoni. Sikuacha upana wa kidole.

Kisha ikafika zamu ya kuitazama mpaka mwisho.

Nikaitia kwenye deki. Mama akatokea, amejiegemeza kwenye mito, akasema, "Meliame." Nikazima sauti. Nikatazama ukuta. Nikahesabu pumzi kumi, nikajiambia naona picha inakwenda, yatosha, haya si ya kwangu. Nikaitoa, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina la dada.

Katika diski elfu na zaidi nilizochoma, hiyo ndiyo ya pekee ambayo sikuitazama.

Ijumaa mama akafa.

Msiba ukaja na mambo yake. Ndugu wa nje wanataka picha za mazishi, na mpiga picha wa Kolovai ni mmoja, naye ni mfiwa. Nikavaa mkeka wa msiba kiunoni, ule uliochakaa, nikashika kamera. Kanda mpya sina. Dukani hakuna, meli haijafika. Iliyokuwepo ni moja, ile ya Jumatatu.

Nikawaza: maneno yako kwenye diski tayari. Nikairudisha kanda mwanzo, nikabonyeza kitufe chekundu.

Usiku wa mkesha kompyuta ikasema imejaa. Nikafuta picha ya mama akiongea, ili nipate nafasi ya mama akizikwa.

Hivyo ndivyo nilivyomzika mama juu ya maneno yake mwenyewe. Mara mbili.

Sasa turudi uwanjani, ndege imekwenda, Paea ameshika muwa.

"Sema yote," nikamwambia.

"Boksi ni lile lile. Jina lile lile. Ndani wamebadilisha. Namba ya kitovuni si ile. Wiki hii nimerudishiwa harusi tatu na ubatizo mmoja."

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Leo Jumamosi! Tumekunywa kava pamoja jana, Paea, ukaimba!"

"Ulikuwa na msiba. Ningekuambiaje, 'pole kwa mama, na diski zako ni uchafu'?" Akatema kapi la muwa. "Lakini wewe si unatazama mpaka mwisho? Ndiyo wimbo wako. Uliitazama, sivyo?"

"Niliitazama," nikasema.

Huo ulikuwa uongo.

Nilirudi kibandani nikachukua harusi moja ya mwezi uliopita, boksi lile lile, nikaitia kwenye deki. Ilikwenda vizuri. Kanisa, pete, keki. Dakika ya arobaini bibi harusi alianza kuvunjika miraba miraba, akawa kama ukuta wa vigae, akasimama. Deki ikakoroma. Kisha ikaitema.

Nikatia nyingine. Dakika ya thelathini na sita.

Nyingine. Arobaini na mbili.

Jumanne simu ikalia. Meliame. Katika miaka kumi na moja alikuwa amenipigia mara nne.

"Kaka, habari za huko."

"Nzuri, dada. Za kwako?"

"Nzuri. Mzigo umefika."

"Umefika?"

"Umefika. Asante kwa kazi yako."

Nikaibana simu sikioni. "Mama ameonekana vizuri?"

"Ameonekana vizuri. Hata kovu la kidevuni."

"Mpaka mwisho?"

Nilisikia gari likipita mtaani kwake.

"Tumshukuru Mungu, kaka," akasema. "Usijichoshe."

Akakata.

Mimi mpumbavu nilifurahi. Nilimwambia Paea diski imepona. Paea akasema kuna diski moja huwa inapona katika boksi, kama kifaranga. Tukanywa kava juu ya kifaranga hicho. Nikalala vizuri wiki tatu.

Wiki ya nne Losaline akapiga. Huyu wakati huo aliishi nyumba ya pili na Meliame, wakiimba kwaya moja. Si ndugu yetu, kwa hiyo mdomo wake hauna kamba.

"Mzee Uai, nikuulize kitu, usinune. Siku ile ulikuwa umelewa kava?"

"Siku ipi?"

"Siku ya kumchoma mama yako."

"Angalia maneno yako, Losaline."

"Maneno yangu yamekamilika, ya mama yako ndiyo hayajakamilika! Mwezi mzima amefungua kinywa hajakifunga. Tumeiosha diski. Tumeisugua kwa dawa ya meno mpaka inanukia. Mume wangu ameilaza ndani ya friji na samaki. Tumebadilisha deki sita, mpaka ya Mhindi wa dukani. Ni pale pale."

"Pale wapi?"

"Dakika ya thelathini na nane. Anasimulia alivyozaa, anasimulia mikeka ile, analia kidogo, ananywa maji. Halafu anasema, 'Na sasa, Meliame, lile neno nililolisema mbele ya watu, mimi...' Basi. Miraba. Kinywa wazi."

Nikakaa chini kwenye udongo.

"Mimi nini?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Mwenye kamera si wewe?"

"Sikuwemo chumbani. Ni dada yangu, Losaline. Nilitoka."

Hata yeye alilielewa hilo.

"Kwa nini yeye hakuniambia?" nikasema. "Alinipigia. Alisema asante."

"Akuambie nini? Dada amwambie kaka yake kazi yake ni mbovu? Na tena si hivyo anavyofikiri." Akashusha sauti. "Anafikiri umeikata kwa makusudi."

"Niikate!"

"Anasema ulisikia yaliyofuata, ukaona mama amelirudia lile lile neno, ukamhurumia, ukakata. Anasema kaka yangu ni mtu wa heshima, alitaka nisilaaniwe mara mbili. Ndiyo maana alikushukuru."

Mimi nimepigwa na mawimbi, nimepigwa na polisi wa bandari mbili, nimeachwa na mke. Sijawahi kupigwa namna ile.

"Mwambie si kweli! Mwambie ni diski mbovu. Mwambie habari ya boksi la bluu."

"Nitamwambia."

Alimwambia. Kesho yake akanipigia. "Nimemweleza yote. Akatabasamu. Akasema, 'Kaka yangu lazima aseme hivyo.'"

Heshima niliyomwekea dada yangu maisha yangu yote, hiyo hiyo ikanifungia mlango.

Alibaki mtu mmoja duniani aliyesikia mwisho wa maneno yale. Nikavaa mkeka wa kiunoni kwa heshima, nikaenda kwake.

Shangazi Kalolaine alikuwa shambani. Diski zangu ishirini na mbili zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba za uvuvi, zinageuka na upepo, zinatupa mwanga kwenye nyanya, kwenye udongo, kwenye uso wake. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

Nikakaa chini, maana hasemeshwi mtu kama yeye umesimama.

"Shangazi, nimekuja na ombi."

"Kama ni santuri zako, sikurudishii. Tazama nyanya."

"Si santuri. Ni maneno ya mama. Yale ya mwisho, kwa Meliame. Diski imeyameza."

Akaendelea kufunga mche kwenye kijiti.

"Ulikuwemo chumbani," nikasema.

"Nilikuwemo."

"Alisema, 'lile neno nililolisema mbele ya watu, mimi...' Kisha akasema nini?"

Alifunga fundo. Akalikagua. Akafunga la pili juu yake.

"Mwambie Meliame mama yake amemsamehe."

Nilitaka kulia kwa furaha. Lakini kulikuwa na kitu katika ule upesi wa jibu lake baada ya kukawia kwake.

"Ndivyo alivyosema, Shangazi?"

"Nimekuambia umwambie hivyo."

"Ndiyo, lakini maneno yenyewe, alisemaje? Alisema 'nimelitoa'? Alisema 'namsamehe'?"

Akageuka akanitazama. Mwanga wa diski ukapita kwenye macho yake, hakupepesa.

"Tangu lini unanihoji, Uaisele?"

Nikainamisha kichwa. Hapo mazungumzo yamekwisha. Shangazi akikuita jina zima, unaomba radhi unaondoka. Niliomba radhi. Alinipa nyanya nane.

Nikapeleka ujumbe kupitia Losaline, neno kwa neno. Jibu likarudi jioni ile ile.

"Anasema asante," Losaline akasema. "Anasema pia nikuulize: unakumbuka nani aliyekuja kumwambia yeye kwamba mama amemkubali yule mwalimu wa kanisa?"

Nilikumbuka. Alikuwa Shangazi. Na baadaye mama alisema hakuwahi kuulizwa.

Hayo yalikuwa mwaka 2007. Yaliyotupata baadaye ni haya.

Paea aliacha diski, sasa anauza vioo vya simu. Bado tunakunywa kava. Hajawahi kuniuliza tena kama niliitazama mpaka mwisho, na nadhani anajua.

Losaline na mumewe walihamia Perth. Friji walimwachia Meliame.

Mashine ya kuchomea iliungua mwaka wa tano. Sikuirekebisha. Watu walikwisha kuanza kurushiana picha kwa simu.

Shangazi Kalolaine alikufa usingizini, na kijiji chote kilimlilia, na mimi nilikaa mahali pangu nikafanya yote ya mtoto wa kaka. Baada ya arobaini nilipita shambani kwake. Diski bado zilikuwepo. Jua lilikuwa limekunywa zambarau yote. Zimebaki nyeupe, unaona miti upande wa pili. Ndege walikuwa wamekaa juu ya kamba. Niliangusha moja nikaisoma kitovuni. Namba ilikuwa bado inasomeka.

Meliame alipata karatasi mwaka 2014 akaja nyumbani. Nilimpeleka makaburini. Alifika mpaka kwenye uzio, akasimama barabarani. Hakuingia. Alinipa maua ya plastiki na shuka aliyoidarizi mwenyewe, nikaingia mimi nikayatandika juu ya mchanga, na kila nilipogeuka alikuwa amesimama pale pale, viatu vimeshikana, kama mtu aliye mbele ya maji marefu. Siku ya kuondoka aliniachia bahasha mezani bila neno. Ndani yake kulikuwa na diski. Bado inanukia dawa ya meno.

Sasa figo zake zimekufa. Anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki huko Auckland. Mwanakwaya mwenzake ananiambia amekwisha kuuliza azikwe wapi, na amesema popote, ila si Kolovai.

Mwaka huu niliituma ile diski Brisbane, kwa mzungu mmoja anaitwa Neville, niliyesafiri naye zamani chumba cha mitambo. Siku hizi kazi yake ni kufufua diski zilizokufa. Sikutegemea kitu. Nilimtumia ili nikifa isionekane sikujaribu.

Alhamisi iliyopita kifurushi kikafika. Diski mpya, nzuri. Niliiinua kwenye mwanga kabla sijaketi, na sikuona vidole vyangu. Na barua.

Neville anaandika kwamba amepata dakika tisa za ukingoni. Sauti na picha. Anasema lugha yetu haijui, kwa hiyo hajui kinachosemwa. Lakini anaona ni vizuri nijue jambo moja kabla sijampa dada mwenyewe. Anasema bibi anaongea kwa utulivu. Kisha anageuza kichwa, anamnyooshea kidole mtu aliye pembeni asiyeonekana, na anaendelea kuongea. Mwanamke mwingine anapaza sauti, mara tatu, neno lile lile. Kisha kiganja kinafunika kioo cha kamera. Gizani humo, anasema, bibi bado anaongea karibu dakika moja, mpaka inapozimwa.

Bahasha iko juu ya kabati; diski sijaitazama mpaka mwisho, wala sijamtumia mwenyewe. Deki ninayo, inafanya kazi, niliijaribu jana kwa diski ya kwaya. Meliame hajui kama kitu hiki kipo. Mashine yake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.